Kitambaa Chini ya Keki

Hilda mke wangu,

Natangulia kwenye maonyesho ya kijiji, kwa shindano la keki. Paka hajala. Keki zetu zote mbili nazibeba mimi. ~~Yako nitaikalia garini.~~ Natania, nitaipakata.

Jana jioni niliiacha yangu juu ya wavu wa waya ipoe. Asubuhi hii nakuta umeitandikia kitambaa, waya zisiichore mistari, maana jaji angenikata maksi. Na mshindani wangu ni wewe! Ahsante, mama.

Mwaka jana nilisema keki yangu ilikosa zawadi kwa wepesi, ikapaa hadi kwenye paa la hema la maonyesho. Leo nikikushinda, nitasema kweli mbele ya watu: ushindi ni wa mke wangu. Ukinishinda, nitadanganya kwamba sina wivu.

Mumeo,
Wilf