Springi za Gari la Kibet

Baba Nekesa,

Simu yako bado inalia. Nimeiweka dirishani pa duka, hapa mbele ya gereji, na huwa naitia kadi ya kukwangua ili laini isife. Watu wanauliza kama ni fundi Wekesa. Nawaambia mimi ni mkewe, fundi tulimzika Misikhu, lakini gereji iko wazi. Wengine wanakata. Wengine wanakuja. Juzi mzee mmoja wa Kamukuywa alisema alipotia dizeli kwenye pikapu ya petroli hukumcheka. Nikamwambia ulicheka sana, ila ulingoja aondoke.

Nataka kukuambia habari ya gari la Kibet.

Wewe mwenyewe wajua ulivyoliacha. Kibet alilileta kutoka Kitale akitaka liwe na nguvu zaidi kwa mashindano, nawe ukaongeza upepo wa turbo. Likaruka. Lakini kila lilipofika mwendo wa juu kabisa lilianza kukohoa na kulegea, kama mtu aliyepaliwa na ugali. Ukabadilisha plagi, ukabadilisha pampu ya petroli, ukaninunia mimi kana kwamba ndimi niliyekuuzia ubovu. Halafu kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali ya Lugulu.

Hata wodini hukuliacha. Nilikuja na uji asubuhi. Hukuuliza habari ya Nekesa, hukuuliza habari ya ng'ombe. Ulinishika mkono ukasema, "Mama Nekesa, si petroli bana. Ni springi."

Mama aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili alinitazama kwa huruma, akidhani unaweweseka. Lakini ulinieleza pole pole, ukipumzika katikati ya maneno. Uliniambia nikumbuke mlango wa jikoni kwa mama yako, ule unaorudishwa na mpira wa tairi, na jinsi upepo wa mvua unavyousukuma hadi mpira ushindwe. Valvu ndiyo mlango, springi ndiyo mpira. Turbo inashindilia hewa mgongoni mwa valvu ya kuingizia, na upande wa ekzosi moshi unabanana ukitafuta njia, nao unasukuma. Injini ikienda pole, springi inaweza. Ikikimbia sana, mlango unachelewa kufunga, nguvu inavuja, gari linakohoa.

"Na iko siku," ukasema, "pistoni itapanda ikute mlango haujafungwa."

Ukaniambia pia nisiagize springi ngumu kuliko zote, kwa sababu ugumu ukizidi utakula kamshafti, ule mtaimbo unaozisukuma valvu zifunguke. Kisha ukanywa uji wote, mume wangu. Nilifurahi sana kwa ule uji.

Hukurudi gereji.

Matanga yalipoisha tulifungua, mimi na Musa, fundi wako msaidizi. Nilimweleza maneno yako, naye akafikiri, akasema ndivyo. Nikaagiza springi kupitia lile duka la spea la Kitale, pale uliponikuta nikiuza nyuma ya kaunta, ukawa unarudi kila mara kununua boliti moja. Wenye duka bado wanakucheka kwa hizo boliti. Wakasema springi lazima zitoke Nairobi, tungoje.

Kibet hakungoja. Mashindano yalikuwa yamekaribia. Alikuja akavua kofia, akanipa pole kwa heshima, kisha akaomba gari lake. Nikamweleza. Akamtazama Musa. Musa akanitazama mimi.

"Mama Nekesa, usinielewe vibaya," akasema. "Lakini hayo si ni maneno ya mgonjwa tu? Wekesa alikuwa na homa."

Yaliniuma, Baba Nekesa. Yaliniuma hadi nikakosa pa kutazama. Tena niliogopa, maana wakulima wengi wa Kitale wanaotuletea magari walikuja kwa sababu yake. Akikasirika yeye, wamekwenda. Lakini nilimwambia: Gari ni lako, sitalifungia. Ila likitoka hapa, litatoka na upepo wa zamani. Ukitaka mwingi, tafuta fundi mwingine auongeze, na jina la Wekesa lisitajwe.

Musa alikuwa akipangusa spana iliyokuwa safi tayari. Kibet alivaa kofia. "Punguzeni basi," akasema, akatoka nje kungoja.

Kwenye mashindano alishindwa na watu aliozoea kuwashinda. Kwa muda mrefu hakunipigia. Na kweli wateja wa Kitale walipungua, nikawa nakaa dukani nikijiuliza kama nimeua kazi yako kwa kukutii.

Springi zilipofika, Kibet alilileta gari mwenyewe, bila maneno mengi. Musa alifungua injini, kisha akaniita mimi, muuza filta. Juu ya pistoni kulikuwa na alama nyembamba, imepinda kama mwezi mwandamo. Ya pili nayo ilikuwa nayo. Valvu zilikuwa zimeshaanza kugusa kabla hatujapunguza upepo. Musa akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Kibet akainama, akapitisha kidole pale, akakirudisha tena.

"Mama," akasema, "nilimsema marehemu vibaya. Nisamehe."

Nilimsamehe. Hata wewe ungemsamehe, maana hukujua kununa kupita mlo mmoja.

Musa alifunga springi ngumu kiasi, kama ulivyotaka, akaongeza upepo kidogo kidogo. Tulipolipeleka Kitale, Kibet alinitaka niketi kando yake. Wewe hukukubali kamwe kunibeba kwenye majaribio, ati kelele zangu zingekuzuia kusikia injini. Sikupiga kelele. Tulishika barabara ya murram ya shamba lake, mahindi huku na huku, nikaona tunakaribia ule mwendo wa kukohoa. Nikafumba macho.

Halikukohoa. Lilipanda kile kilima kwa sauti moja tu.

Juu kabisa Kibet akasimama, akazima. Mlima Elgon ulikuwa wazi, hauna wingu. Nami, mdomo wazi tayari, nikageukia kiti cha nyuma nikuambie.

Basi nakuambia sasa. Ulikuwa sawa.

Lala, mume wangu, upumue vizuri huko, kifua kisikubane. Nekesa anakusalimu, amekurithi hata kule kununa. Nakuahidi, hakuna gari litakalotoka hapa kwetu kabla hatujaridhika nalo, hata mwenyewe awe nani, hata ninapoogopa.

Ni mimi wako,
Mama Nekesa