Bibi Zafarani Asomwe

Rinkeby, Stockholm
Mei 2009

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje, bado linakusumbua ukisujudu? Na Baba Mkubwa, kifua kimempa nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi. Salma amerefuka kunipita, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi.

Mwezi huu jua la huku halitaki kuzama. Natoka shule ya watu wazima jioni, nuru bado imelala juu ya maghorofa, nami kwenye treni nasinzia macho yakiwa wazi. Ndipo namwona Bibi Zafarani. Amekaa kiti cha mbele yangu, ananitazama tu. Usinicheke, Mama.

Chanzo ni somo la historia. Mwalimu wetu, mzee mpole anayevaa kandambili juu ya soksi, alitusimulia watumwa wa Haiti katika mashamba ya miwa ya Wafaransa. Huko Ufaransa wasomi walikuwa wakiandika kwamba binadamu huzaliwa huru, hakuna aliyeumbwa kuwa bwana wa mwenzake. Wenye mashamba wakawa wanayajadili hayo mezani, wakimlalamikia mfalme wao, huku watumwa wakiwapakulia. Nadhani waliwaona kama hawana masikio. Basi maneno yakatoka mezani, yakapita jikoni, yakafika shambani, mpaka miwa ikawaka moto. Walipigana miaka mingi, nchi ikawa yao.

Mwalimu akasema mawazo hayo yalitoka Paris. Mama Furaha, Mkongo ninayekaa naye dawati moja, akanikanyaga mguu, akaninong'oneza kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani.

"Anasema nini huyu? Bengi yabo balizaliwa kwetu Kongo, tu vois? Balijua uhuru mbele bafungwe. Kitabu ilibapa tu maneno ya kumujibu muzungu."

Yaani, wengi wa watumwa hao walikuwa huru kwao kabla ya kufungwa. Nilicheka, halafu moyo ukanishika. Bibi Zafarani naye alitolewa Kongo, akavushwa ziwa, akauzwa hapo Ujiji, akawa suria, akamzaa babu yangu. Wewe ndiye uliyeniambia, siku ile tunaparua migebuka jikoni. Ulininong'oneza, ingawa nyumba nzima tulikuwa wawili tu.

Kila hitima Baba Mkubwa husoma majina ya marehemu wa ukoo ili waombewe, na kila mara humruka yeye. Bwana aliyemnunua anasomwa. Aliyetuzaa hasomwi, eti ni aibu, nasi tunainamisha vichwa na kuitikia amina. Inaniuma, Mama. Imeniuma tangu siku ya migebuka, ila sikuwa na pa kuanzia.

Juzi nilimsimulia Salma tukila. Akaweka kijiko chini. "Vad hette hon?" Yaani, aliitwa nani? Nikalitaja jina kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu. Salma akalirudia polepole, "Zafarani," akasema ni jina zuri, akaendelea na wali wake. Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe.

Sasa nakuomba. Mwezi ujao mnamsomea hitima marehemu Baba. Bibi Zafarani asomwe pamoja naye, maana ndiye bibi yake. Najua wewe umeolewa tu katika ukoo huu, na kumkabili shemeji yako kwa jambo hili si mchezo. Atasema naleta mambo ya Ulaya. Mwambie jina nililitoa jikoni kwako.

Nisalimie shangazi muuza mawese, na mdogo wangu fundi cherehani, mwambie viatu alivyoniagiza nimevipata. Baba Mkubwa mwenyewe msalimie kwa heshima zote, sina ugomvi naye.

Siku hiyo nitapiga simu. Iweke mkekani karibu na chetezo cha ubani, ufungue spika. Nitasikiliza majina yote kwa adabu. Akimruka tena, nitamtaja mimi, na Salma ataitikia amina.

Wako,
Mwanaidi, kitukuu wa Zafarani