Maji ya Shimo la Mama

Jumatano, Kamalondo

Na bado aliniuliza kama nimemwagilia lengalenga zake! Mguu umevimba, dawa ya pili imeshindwa kama ya kwanza, na mama amelala pale hospitali akiwaza mboga.

Nimemwagilia, ndiyo. Asubuhi nilichota kwenye shimo lake kando ya mto, lile ambalo kuta zake alizizuia kwa magunia yaliyojaa sashe, vile vifuko kuukuu vya plastiki, kama wakulima wote wa pale. Jua limezitafuna sashe hizo. Maji yamejaa vipande vidogo vidogo vyenye utelezi kama wa bamia.

Humo ndimo mama huingia pekupeku. Alijikata mguu kwa jembe, akaingia hivyo hivyo.

Daktari alinieleza leo: vijidudu hushikamana na vile vipande, vikaishi pamoja, vikapeana ujanja wa kuishinda dawa. Hana hakika kama ugonjwa ulitoka humo. Mimi nilitazama mikono yangu, iliyochota maji yale asubuhi.

Ninamkosa mama wa asubuhi, anayeniita kutoka ng'ambo ya matuta. Nyumba imenyamaza. Hata bukari, ugali wetu, ninaacha nusu sahanini.

Nilimwambia asirudi tena mule shimoni. Akacheka, akanishika mkono.

"Mutoto wangu, siku nitatoka hapa, kwanza nitaenda kutia hii miguu mu maji yangu. Iko baridi muzuri."

Nilitaka kumkaripia, lakini...

"Ndiyo, mama. Tutaenda."

Mungu anisamehe. Hicho ndicho ninachokitamani kuliko vyote: kumwona tena amesimama mule majini.