Simu ya kwa Bi Zuhura

Likoni, Jumanne

Wallahi leo nimeona wivu. Nimevuka kwa feri hadi kisiwani kumwamkua Bi Zuhura, simu yao ikalia, binti yake akaikimbilia akicheka. Binti yangu akisikia yetu hujifungia chooni, kwa kumwogopa mwanamume tusiyemjua anayempigia na kumtukana.

Wa Bi Zuhura naye alipigiwa vivyo hivyo. Babake na matajiri wenziwe wakachanga, wakawanunulia polisi wa kisiwani mashine ya kujua simu yatoka wapi. Mtu akashikwa.

Kituoni kwetu askari aliniambia, "Mashine hiyo hatuna, mama. Mwambie asipokee."

"Na anayepiga akiwa ni babake, baharia aliye safarini melini?"

Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Bi Zuhura nimemwambia mashallah. Mdomo umesema, moyo umekataa. Mola anisamehe, simtakii mwanawe baya. Namtakia wangu kicheko kile.