Alilia, Nikamtuza Bangili

Bi Mshauri, mpenzi wetu,

Ama baada ya salamu, mimi ni mama wa Langoni, Amu, na gazeti lenu hushuka Mokowe kwa lori, likavuka kwa mashua, likanifikia limekunjamana, lakini ukurasa wako husoma mwenyewe, sisomewi, maana nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa karani, na leo nimeshika kalamu kwa kuwa nina jambo limenikaa kooni, nakuomba unionyeshe ndia kabla sijamkosea mtu.

Nina binti, jina lake Khairiya, na sisemi kwa kuwa ni wangu, waulize watu. Kurani alihitimu mbele ya wenziwe wote, kushona kofia ajua, mkate wa mofa ajua, na sauti aliyopewa na Mola, akiimba uani jirani wa juu huacha kutwanga. Huu ni mwaka wake wa pili katika chuo cha Bi Mwanamkisi, na kwa kuwa uko mbali huenda hukijui, ni chuo cha wanawake watupu ndani ya nyumba yake, mwenyewe alikaa Unguja akarudi na santuri na maarifa, na wasichana hufundishwa kuimba, kucheza ngoma, na kuteza, yaani kuigiza kisa cha mtu mpaka ukadhani ni kweli, na siku ya kuonyesha mlango hufungwa, hata paka dume hapenyi. Mwanzo watu walisema. Wifi yangu Nana aliniuliza, "Mama Khairiya, mwana wa nyumba kubwa aende akarukeruke?" Nikamwambia, "Wifi, wewe umeruka harusi zote tangu Siyu mpaka Kipungani, nani alikuhesabu?" Na siku ya kuonyesha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni kutafuta pa kukaa.

Siku ile Khairiya alikuwa yatima aliyenyang'anywa nyumba ya mamake, na alipolia, Bi Mshauri, wanawake wazima walilia naye, na kwetu anayeteza vyema hutuzwa palepale, basi alituzwa leso, marashi, pete, hata mtoto wa jirani alimtuza kitana chake kilichovunjika meno, na vyote Khairiya ameviweka katika kasha lake, kitana pia, wala hakuna ruhusa kukigusa.

Na nyumbani hujizoeza kuteza juu yetu sisi. Kuna siku alimlilia babake, Bwana Husseini, ambaye ni fundi wa cherahani, kwamba mtungi wa marehemu bibi yake umevunjika, mzee akaja mbio na futi yake shingoni, akaukuta mtungi mzima na mwanawe amemwinamia kama mwenye kungojea makofi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nakueleza haya ujue kosa langu lilipopata mlango.

Basi wakaja watu wa Siyu kumposea Ridhwani, mwana wa Bwana Mohdhar mshona viatu, watu wema, wana asili yao, na kijana sijamsikia na ila. Bwana Husseini akasema, "Mimi nimewapenda, lakini muulizeni mwenyewe, jawabu watalijia baada ya Maulidi." Nikaingia chumba cha ndani na Nana tukamkalisha Khairiya baina yetu. Nawe wajua, idhini ya mwanamwali ni kimya chake, tulingojea ainamishe kichwa anyamaze, sisi tupige vigelegele tukanywe kahawa. Akalia. Kwanza mdomo ukamtetemeka, kisha akashika ukuta, kisha matozi yakashuka bila sauti, na sauti ilipokuja ilikuwa ndogo ya kukufanya uinamishe sikio. "Mama," akasema, "simtaki mtu sasa. Nataka nimalize chuo. Mama, sitezi."

Nana akajipiga paja. "Ee! Sikizani! Eti hatezi! Wallahi Bi Mwanamkisi ni fundi!"

Nami, Bi Mshauri, mama niliyeyazaa mato yale yaliyokuwa yakilia, ningejizuiaje? Nilivua bangili yangu ya fedha aliyonirithisha mama yangu nikamvisha, nikamwambia, "Pokea, mwanangu, leo umempita hata yule yatima." Akanitazama. Akajifuta uso kwa leso, akatoka.

Asubuhi niliikuta bangili juu ya msala wangu wa kusalia, imefungwa ndani ya leso ile ile. Iliniuma sana, kwa kuwa kitana cha mtoto amekiweka, bangili ya mamake anarudisha, ni adabu gani hiyo? Na tangu hapo hula, huamkia, hutwanga, chuoni huenda, lakini nyumbani haimbi. Jana jirani wa juu aliuliza dirishani, "Khairiya mgonjwa?"

Nana asema ni maringo ya sifa nyingi, tuwape watu wa Siyu ndiyo yao, akishaolewa atatulia. Mume wangu angoja jawabu kinywani mwangu. Nami siyui, mwana aliyefundishwa kulia, matozi yake ya kweli yana alama gani? Sitaki kumrudisha kijana mwema kwa sababu ya mtezo, wala sitaki kumwoza mwanangu huku analia nami nampigia makofi. Nisaidie, maana nyumba imekuwa kimya, nami kimya sikukizoea.

Mimi, Mama Khairiya, Amu

JAWABU

Mama Khairiya,

Barua yako ilinichekesha mpaka nikafika penye bangili. Hapo nikaacha kucheka.

Hongera kwa binti, na hongera kwako kwa kumfungulia mlango wa chuo wakati watu wanasema. Mama wa namna yako ni wachache. Ndiyo maana nitakugombeza kidogo tu.

Unauliza alama. Umeiandika mwenyewe, kisha ukaiita utovu wa adabu. Anayecheza hutaka tuzo. Hata kitana kibovu binti yako amekitia kasha. Bangili yako peke yake ndiyo aliyoirudisha, na hakuitupa. Ameifunga kwa leso aliyojifutia machozi, akaiweka pale unapomsujudia Mola wako. Aseme nini tena? Kwa mdomo alikwisha sema, mkamsifu.

Si kosa lake kulia vizuri. Aliyefundishwa kuimba, nyumba ikiwaka, atapiga yowe kwa sauti nzuri. Wewe utasimama kuisifu sauti, au utachota maji? Kosa lake ni lile la mtungi, nalo mlilicheka wote.

Tena umenikumbusha sheria ya kimya. Sawa, kimya cha mwanamwali ni ndiyo. Lakini huyu hakunyamaza! Mlingoja kimya mkapewa neno, sasa mnataka kulihesabu neno kuwa kimya. Sheria hiyo ni ya kitabu gani, au ni ya wifi yako?

Sasa fanya hivi. Usimwite chumba cha ndani, wala usiende na Nana. Watu wawili wakikaa kumtazama mmoja, hao ni watazamaji. Chukua mchele na uteo, kaeni uani mchambue wote wawili, macho yako yawe kwenye mchele. Mwambie, "Mwanangu, nilikutuza pasipo tuzo, niwie radhi." Kisha nyamaza. Najua itakuwia kazi. Nyamaza hivyo hivyo.

Akisema, sikiliza vizuri. Alisema hamtaki mtu sasa. Huenda asiyemtaka ni Ridhwani, huenda asichokitaka ni kuolewa sasa. Muulize ni lipi, mara moja, bila kumsifia mtu. Atakalojibu lipeleke kwa Bwana Husseini kama lilivyotoka, usiliongeze chumvi. Babake ndiye aliyetaka binti aulizwe. Mpeni haki hiyo. Ikiwa ni kusubiri, watu wa Siyu waambiwe wasubiri. Aliye mwema atasubiri, na asiyesubiri amewapunguzia harusi ya majuto. Ikiwa ni la, basi ni la, na walishwe chakula kizuri waende kwao na heshima zao. Nana mwekee mahali pa mbele siku ya kuonyesha. Kule kelele zake zina kazi.

Na bangili usimrudishie. Ivae wewe. Siku Bi Mwanamkisi atakapofunga mlango, Khairiya akasimama kuwaliza wanawake wa Amu, inuka mbele yao wote, ivue, umvishe. Siku hiyo haitarudi kwenye msala.