Swali la Askari Getini

Jumatatu, 7 Machi 1977

Askari wameweka kizuizi kwenye geti la chuo. Kila anayetoka kwenda mazoezi ya kufundisha lazima ajibu: wewe ni nani, unakwenda wapi. Naogopa. Nikibanwa na swali, kinywa changu hulirudisha lilivyo. Si ujeuri — ndiyo maneno pekee yanayobaki kichwani. Kwetu Dranya walisema nina pepo. Hapa chuoni wanasema nina maringo.

Candiru, tunayelala naye chumba kimoja, alinisemea. Mimi nilipiga magoti, kama wasichana tunavyosalimia wakubwa. Napenda kupiga magoti. Hakuna anayedai nimtazame machoni.

Jumatano, 9 Machi

Baba yake Candiru amechukuliwa na askari! Huko kwao Awindiri, mbele ya nyumba yao. Sasa wanawatafuta watoto wake wakubwa. Candiru hakulia. Alikunja nguo zake, akaniambia anakokwenda. Usiambie mutu, akasema. Hata hapa siandiki. Kwa nini aliniambia? Angeondoka tu! Kunyamaza naweza. Kudanganya siwezi, ukweli unatoka wenyewe.

Alhamisi, 10 Machi

Nilifika getini bila Candiru. Nikapiga magoti.

"Simama. Tazama mimi," askari akasema. "Rafiki yako iko wapi?"

"Rafiki yako iko wapi?" nikasema.

"Unacheka mimi?"

"Unacheka mimi?"

Kofi. Sikio bado linavuma. Wenzangu hakuna aliyesogea. Siwalaumu, roho ni tamu. Mwalimu Santa ndiye aliyekuja mbio, akihema.

"Afande, samehe. Huyu mtoto hana dharau. Akiogopa, mdomo inakataa. Lakini wewe mpe karatasi — anaandika kila kitu, ukweli mtupu."

Alitaka kuniokoa, masikini. Askari akatabasamu. Akasema nije ofisini kesho asubuhi.

Ijumaa, 11 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika nikisubiri kuitwa.

Mlango uko wazi. Karatasi iko mezani, na kalamu. Swali ni lile lile la jana, moja tu. Askari ameniita. Mwalimu Santa ananigusa bega.

"Nenda, mtoto yangu. Hii iko rahisi kwako."

Tangu darasa la kwanza sijawahi kuacha swali la kwenye karatasi bila jibu.