Kidonge Kilekile cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya damu za familia yametoka hapa maabara kwetu. Mdogo wangu ana jeni ileile iliyompofusha Baba. Hilo tulilihofia tangu yeye, fundi cherehani wetu, aanze kutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Kilichoniacha mdomo wazi ni Shangazi. Anayo! Dada wa Baba, umri umekwenda, na bado anaona doa kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nimerudia kipimo. Anayo.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi kasema nimechanganya chupa. Nikapima tena mbele yake. Jibu lilelile.
Nikampigia Shangazi. Eti ugonjwa ulimjia, ukaona alivyo mkorofi, ukageuza. Huyu shangazi!

Jumanne, 18 Machi
Mungu wangu. Shangazi ana jeni nyingine iliyoharibika, haitengenezi protini yake — na kuharibika huko ndiko kunakomlinda! Tumetafuta kwenye data za wagonjwa wa nchi nyingine: wenye jeni ya upofu na hitilafu hiyo ya pili, karibu wote wanaona. Nikauliza kompyuta kama kuna dawa inayozima protini hiyo. Ipo. Ya zamani, bei chee, ya kushusha presha. Nikasoma jina, nikalisoma tena. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za maabara, nikalia.
Ni ya Mama. Miaka yote ile Baba anapapasa kikombe chake cha chai, na Mama anameza kidonge hicho. Meza moja.

Jumamosi, 22 Machi
Daktari wa macho kashangaa kama mimi. Ila kaonya: majaribio hayajaanza, na presha ya mdogo wangu iko chini tayari, dawa hii inaweza kumwangusha. Tusubiri.
Asubuhi hii nimewaeleza nyumbani. Mama akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na pakiti ya vidonge vyake, akaisukuma katikati ya meza. Kwamba amezika mume kipofu, na mtoto naye aanze kupapasa? Ameze!
Mdogo wangu akanyoosha mkono. Ukapita pembeni ya pakiti.
Nikaiwahi.
"Dada, toa mkono." Anacheka, lakini hatanii.
Mama anampigia daktari. Hapokei. Nimevuta shajara nisije nikalegea — naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefunika dawa, na mdogo wangu ameweka wake juu yake, wala hauvuti, ameuacha tu hapo. Una joto. Mama kapiga tena. Simu inaita.